Chambo Bandia Ninachomrushia Binamu wa Sangara

Haya watu wangu wa Mwanza, Musoma na Bukoba, na nyie wa Kisumu na Entebbe, karibuni tena Darwin, kaskazini mwa Australia. Leo siendi majini. Nimefungua sanduku la chambo hapa mezani, maana swali limekuwa lile lile: "Kaka, samaki anadanganyikaje na hivyo vidude vya plastiki? Na unajuaje leo utumie kipi?"

Tuanze na samaki mwenyewe. Ninayemvua huku ni barramundi, kitaalamu anaitwa Lates calcarifer. Sangara wetu ni Lates niloticus. Mgebuka wa Kigoma naye ni Lates stappersii. Ukoo mmoja. Mtazame huyu kwenye picha: kichwa kimebonyea juu ya macho, mdomo mpana, macho yanawaka kurunzi ikimmulika. Mtu wa mwalo wa Kirumba hahitaji kutambulishwa.

Sasa shikeni jambo moja, mengine yote yanatoka hapo. Huyu samaki hakimbizi chakula. Anajibanza kwenye kisiki au pembeni mwa mayungiyungi, anasubiri. Kitu kikipita karibu, anafungua mdomo ghafla na maji yanavutwa ndani na kitu chenyewe. Anafyonza. Kwa hiyo chambo changu lazima kipite mlangoni kwake, na kikae hapo muda wa kutosha. Kina kwanza, mwendo pili. Rangi, tutaongea mwishoni, na kwa kifupi.

Najua madukani hapa ukuta mzima ni rangi: dhahabu, waridi, kijani cha chura, mistari ya chui. Mgeni akiingia anachagua kwa macho. Mimi nageuza kwanza chambo nitazame kiulimi cha plastiki pale mbele. Mnakiona hiki? Ukivuta mshipi, maji yanakisukuma kiulimi na chambo kinazama. Kikiwa kirefu na kimelala kuelekea mbele, kinazama sana. Kikiwa kifupi na kimesimama, kinabaki karibu na juu.

Chukulia Corroboree, bwawa la mfumo wa mto Mary, mashariki ya Darwin. Wenyewe bwawa kama hilo wanaliita bilabongi: mto ukipungua kiangazi, maji yanabaki yametuama, mayungiyungi pande zote. Ukingo wa majani ukiisha kuna kina, na chini kuna magogo. Mwezi wa saba huku ni baridi kama kwetu kipupwe, maji yanapoa, na barramundi anakuwa mvivu. Hapandi mita mbili kufuata kitu. Basi natumia chambo kinachofika kwenye gogo lenyewe, kiliguse. Kiulimi kinagonga mti kwanza, ndoana zinainuka nyuma yake, chambo kinayumba na kupita. Mara nyingi samaki anapiga pale pale baada ya kule kugonga. Ukirambaza taratibu na boti, unasikia kwenye fimbo: tak, tak, kimya... halafu fimbo inapinda.

Halafu mwendo. Kuna chambo kinachoelea ukiacha kuvuta, kuna kinachozama, na kuna kinachobaki kimening'inia pale pale kilipo. Hiki cha tatu ndicho roho yangu. Unavuta mara mbili kwa mkono, kinatikisika kama samaki aliyejeruhiwa, halafu unaacha. Unaacha kweli kweli! Vijana wengi hawana subira hapa. Chambo kimesimama mbele ya mdomo wake, na ni wakati huo anafyonza. Kama chako kinaelea, kibadilishie ndoana nzito kidogo, kitapanda polepole au kitasimama kabisa. Bei ya ndoana ni ndogo kuliko ya chambo kipya, na hela za huku zina kazi nyingi, si mnajua.

Kwenye mayungiyungi mazito vyote hivyo havifai, vina ndoana za ncha tatu tumboni na vitarudi na saladi. Hapo nahamia kwenye plastiki laini yenye ndoana moja iliyofichwa mwilini, mkia wake unapiga maji. Au chura wa mpira. Unamrusha juu ya majani, unamtembeza, akifika kwenye tundu la maji unamsimamisha.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua haijashika, joto la Darwin halisemeki, ila maji yamepata moto na samaki ana nguvu. Alfajiri na jioni natumia chambo cha juu ya maji. Barramundi akikipiga kuna mlio, "bufu!", unaruka kwenye kiti. Usivute kwa sababu ya mlio. Ngoja usikie uzito wake ndipo ukaze.

Mvua zikiisha, mwezi wa tatu mpaka wa tano, mbuga zilizofurika zinamwaga maji mtoni kwa vijito. Pale maji meusi safi yanapokutana na yenye tope kuna mstari unaouona kwa macho, na visamaki vinatolewa na mkondo. Rushia hapo. Na hapa ndipo naipa rangi nafasi yake: kwenye tope natumia dhahabu au rangi kali, na chambo chenye vigololi ndani vinavyolia. Maji yakiwa angavu, fedha au kijani. Basi, rangi imeisha.

Majina ya chambo mnayoniuliza: Bomber Long A ya dhahabu ni ya kale na wazee wa huku bado wanaiapia. Halco Scorpion ni ya Australia hapa hapa. Rapala za Ufini mnazijua, ndizo zinazovutwa na wavuvi wa burudani kule Rubondo. Yoyote utakayonunua, kagua ndoana na vipete vyake, maana huyu samaki ananyoosha chuma dhaifu. Na mbele funga mshipi mnene unaohimili kilo 20 na zaidi, kwa sababu kifuniko cha shavu lake kinakata kama wembe. Hata vidole.

Kuna mmoja wa Sengerema kauliza, chambo kikinasa kwenye gogo si unaruka tu ukakitoe? Ndugu yangu. Huku kuna mamba wa maji chumvi, na wanapanda mpaka huku kwenye maji baridi. Chambo kikigoma, nakata mshipi. Hata ukingoni sisogei.

Aliyeuliza kuhusu ukubwa: katika jimbo hili la Northern Territory, chini ya sentimita 55 unamrudisha. Mimi narudisha na wale wakubwa sana, kwa sababu barramundi kwa kawaida huanza dume kisha hugeuka jike, na yale majitu ndiyo yenye mayai. Mnaosema "kaka unatupa mboga", nimewasikia, wa katikati yupo kwenye friji.

Wewe unayevua sangara kwa fimbo huko ziwani, niandikie hapo chini: unavuta chambo kina gani, na maji yakiwa na tope unabadilisha nini? Nitayasoma yote kwenye video ijayo.