Kushuka Ziwa Chala bila kuumiza vidole

Habari za asubuhi wadau, karibuni. Leo tuko ukingoni mwa Ziwa Chala, upande wetu wa Rombo. Kutoka Moshi unapita Himo, unashika barabara ya Holili, kisha unaingia njia ya vumbi. Kupanda mpaka hapa hakuhitaji maelezo.

Oneni hayo maji! Yako chini kabisa kama kwenye chungu. Ni ziwa la kreta, mpaka wetu na Kenya unalikata katikati, na Taveta iko ng'ambo ile. Maji yake mengi yanapita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Na Kilimanjaro yenyewe... ngoja nigeuze simu... ile pale. Huku Mawenzi ndiyo iko jirani yetu, Kibo iko mbali zaidi. Mimi huku napapenda kuliko kuutazama mlima nikiwa mjini.

Upepo unaingia kwenye maiki. Nisogee nyuma ya mti. Mnanisikia? Haya.

Sasa viatu. Usishuke na kamba ulizofungia nyumbani. Narudia, usishuke nazo! Mwaka jana nilishuka hivyo, kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, baadaye ikang'oka. Kwenye mteremko mguu unateleza kwenda mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga kila hatua.

Kaa chini. Legeza kamba zote. Gonga kisigino ardhini mara tatu, mguu urudi nyuma kabisa. Shikilia hapo hapo, mguu usiteleze tena mbele. Huku vidoleni acha nafasi, ila ukifika kwenye kifundo kaza kweli, zungusha kamba mara mbili ndipo ufunge. Simama ukielekea bondeni. Vidole vinagusa mbele? Kaa tena, anza upya. Usiseme utafunga katikati ya njia, kule ni kokoto tupu na hakuna pa kukaa.

Tunashuka. Mguu ubavu, hatua fupi, mkono mmoja uwe huru... Samahani, picha inacheza, hapa jiwe limehama. Simu naiweka mfukoni.

Tumefika. Maji mazuri, yanavutia, lakini msiogelee. Mamba waliwahi kuua mtu ziwa hili hili, mwaka 2002. Kaeni kwenye mawe, mnywe maji yenu, mpumzike. Chini ya maji haya kuna tope lililolala kwa miaka mingi sana. Mwaka 2016 wanasayansi walilichimba wasome historia ya mvua na ukame wa huku kwetu. Mimi nikikaa hapa naliwaza hilo.

Kurudi juu, legeza kamba kidogo, anza kabla jua halijawa kali.

Wanaotafuta buti za mtumba, niko soko la Memorial, Moshi. Njoo jioni, mguu umeshatanuka, uje na soksi utakazopandia. Kidole kimoja kiingie nyuma ya kisigino. Kisipoingia, sikuuzii hicho, tutatafuta kingine.