Kongamano la Wanawake na Mabinti wa Selofehadi

ESTA: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wasikilizaji. Mimi ni Esta, na niko na dada yangu Mama Neema. Shikamoo dada.

MAMA NEEMA: Marahaba, mdogo wangu. Amina, Bwana asifiwe. Mnivumilie, sauti imekauka. Tumeimba mno mwisho huu wa wiki.

ESTA: Ndiyo tunayotaka kusikia. Ulikuwa kwenye kongamano la wanawake kule Mbezi, Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Mimi zamu kazini ilinibana. Haya, lilikuwaje?

MAMA NEEMA: Ijumaa sina mengi ya kusema. Foleni ya barabara ya Morogoro unaijua, wengi walifika mapambio yamekwisha. Tukaomba, tukaelezwa ratiba, tukalala. Jumamosi sasa! Jumamosi ndiyo iliyonibeba.

ESTA: Nani alifundisha?

MAMA NEEMA: Mchungaji mwanamke, mtu mzima, anaongea taratibu. Akafungua Biblia, kitabu cha Hesabu, mlango wa 27. Nikasikia kurasa zinapekuliwa ukumbi mzima, maana hicho kitabu makongamano yetu hayakifungui. Tumezoea Ruthu, tumezoea Hana, na jina lako wewe Esta.

ESTA: Hesabu 27 ni wale mabinti wa Selofehadi.

MAMA NEEMA: Wenyewe. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao amefia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume. Nchi inakaribia kugawanywa, na wao hawamo kwenye hesabu. Basi wanakwenda mlangoni pa hema ya kukutania. Pale yupo Musa, yupo Eleazari kuhani, wapo wakuu na mkutano wote. Wanauliza: kwa nini jina la baba yetu lifutike kwa sababu hakupata mwana? Tupeni sisi urithi.

ESTA: Mbele ya watu wote hao.

MAMA NEEMA: Mbele ya wote! Mchungaji akatuambia tuangalie Musa anafanya nini. Hawafukuzi, wala hajifanyi analo jibu. Anapeleka shauri lao kwa Bwana. Na Bwana anasema mabinti hawa wamesema haki, wapewe. Tena inawekwa kuwa sheria kwa Israeli yote. Nilikaa kanisani miaka yote hii sijawahi kusikia mahubiri juu ya mlango huo. Nililia, Esta.

ESTA: Kilichokuliza hasa ni nini?

MAMA NEEMA: Ni kwamba waliuliza, na Mungu hakukasirika. Sisi wengi tumelelewa tukiamini mama mcha Mungu ni yule anayenyamaza. Akidhulumiwa anapiga magoti, basi. Kupiga magoti ni lazima, mimi siachi. Lakini wale mabinti walisimama pia.

ESTA: Amina. Na nimesikia palikuwa na wakili, hapo ndipo alipopewa nafasi?

MAMA NEEMA: Baada ya chakula. Ngoja niseme la chakula kwanza, maana nimewaahidi wababa. Wababa wa usharika ndio waliopika. Pilau, kachumbari, na matikiti yamekatwa vizuri. Vijana wakahudumia, walimu wa shule ya Jumapili wakakaa na watoto. Kulikuwa na mama karibu yangu amekaa na sahani yake anakula polepole, hakuna anayemwita. Ukiwauliza waandaaji siri ya kongamano zuri, waanzie hapo.

ESTA: Wababa, mmesikia, Mungu awabariki. Haya, wakili.

MAMA NEEMA: Ni dada muumini wa usharika uleule. Akasema tusidhani habari ya Selofehadi imeishia jangwani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

ESTA: Na yule mama anayeambiwa hakuchangia kitu kwa sababu hakuwa na mshahara?

MAMA NEEMA: Aliulizwa hilohilo. Akataja shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele! Mama mmoja akasimama akaimba, tukampokea.

ESTA: Lakini dada, kwenye mirathi bado kuna mila.

MAMA NEEMA: Bado, na hakutuficha. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamweka binti nyuma ya kaka zake. Hapo ndipo wajane wengi na mabinti wanapoumizwa. Kuna mama alitoa ushuhuda, shemeji wamechukua hati ya kiwanja kabla ya arobaini. Hatukumwambia avumilie tu. Tulimzunguka tukaomba naye, kisha wakili akakaa naye pembeni na daftari, akamwelekeza Kituo Jumuishi cha mahakama pale Temeke, kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa. Na wamama wawili wakasema watamsindikiza. Huo ndio uamsho ninaoutaka mimi.

ESTA: Kuna msikilizaji ameniuliza, kama huna hela ya kitenge cha sare, uende?

MAMA NEEMA: Nenda! Vaa gauni lako safi, jifunge khanga. Na kamati, jamani, sare isiwe geti. Kuna dada zetu wanabaki nyumbani kwa aibu ya kitambaa na hela ya fundi, na pengine ndio waliohitaji lile somo kuliko sisi.

ESTA: Mwakani tunakwenda wote.

MAMA NEEMA: Wote. Na nimeshamwomba katibu kipindi cha wakili kije asubuhi, kabla ya chakula. Wanaotoka Chanika na Mbagala waliondoka kuwahi magari, maswali yao wakaondoka nayo.