Foleni ya Pakiti na Maji ya Nile

Nianze na simu, maana huko ndiko hesabu zetu za foleni za mtandao zilikozaliwa. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alionyesha kwamba simu za mjini hufuata mgawanyo wa Poisson, yaani hesabu ya matukio yasiyotegemeana: kila mtu anapiga kwa wakati wake, hana habari na mwenzake. Ukizijumlisha kwa muda mrefu, kupanda na kushuka kunamezana.

Mitandao ya kompyuta ilipokuja tukairithi hesabu hiyo ilivyo. Chukueni foleni rahisi kabisa ya ruta moja, kifaa kinachoelekeza pakiti, yaani vipande vidogo vya data. Laini ikishughulika asilimia 50 ya muda, kwa wastani mna pakiti 1 ndani. Asilimia 80, pakiti 4. Asilimia 90, pakiti 9. Asilimia 95, ni 19! Mzigo umepanda kidogo tu, foleni imezidi maradufu. Na hapo bado tuko kwa Poisson, yaani kwenye hali ya amani.

Kati ya 1989 na 1992 watafiti wa Bellcore, maabara ya kampuni za simu Marekani, walinasa mamia ya mamilioni ya pakiti za Ethernet, mtandao wa nyaya wa ofisini. Wakazichora kwa vipande vya sekunde 100, kisha 10, kisha 1, mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Grafu zote zikafanana: vishindo ndani ya vishindo, yaani pakiti zinakuja kwa mafuriko, kisha kimya. Data ya Poisson, kwenye sekunde 100, inakuwa bapa kama meza hii.

Kipimo cha tabia hiyo ni H, herufi ya Harold Hurst, Mwingereza aliyepima Nile akiwa Misri (ndiyo, maji yetu ya Jinja) akaona miaka ya maji mengi huandamana, na ya ukame vilevile. H ikikaribia 1, vishindo huandamana zaidi. Poisson ina H ya 0.5. Ethernet ilizunguka 0.8.

Chanzo cha vishindo hivyo ni mafaili yanayotumwa: mengi madogo, machache makubwa kupindukia.

Sasa, wenye miradi ya ns-3, programu ya kuigiza mitandao. OnOffApplication, sehemu yake inayotuma pakiti, msipoigusa, huwaka sekunde 1 na kuzima sekunde 1, kama taa ya indiketa. Hakuna mtumiaji wa namna hiyo. Kwa muda wa kuwaka na kuzima wekeni Pareto, mgawanyo wa vidogo vingi na vikubwa vichache, yenye umbo 1.4, unganisheni vyanzo vingi, na H itasogea kwenye 0.8. Wastani utachelewa mno kutulia; ongezeni muda wa kuendesha, badilisheni mbegu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu), rudieni.

Nani ana laptopu yenye ns-3? Ilete hapa mbele, tuiwashe.