Anzeni na jina la kijiji

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nikitaja Waashuri, wengi wenu mnakumbuka Ninawi ya Nabii Yona. Mimi leo nawazungumzia watu walio hai: Wakristo wanaosema Kisurethi, lugha ya ukoo wa Kiaramu, ambao baadhi ya familia zao zimehama mara nne au zaidi ndani ya miaka mia moja. Kwa yeyote anayetaka kurekodi habari zao nina ombi moja: msianze na vita. Anzeni na jina la kijiji.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1915, katika mauaji wanayoyaita Seyfo, yaani upanga, makabila ya milima ya Hakkari katika Uturuki ya leo, Watyari, Wajilu, Wabaz na wenzao, yalikimbilia Urmia, Uajemi. Kiangazi cha 1918 wakafukuzwa na huko. Walishika njia ya Hamadan, hukohuko Uajemi, na maelfu wakafia njiani kwa njaa, maradhi na mashambulizi. Waliofika, Waingereza waliwaweka kwenye mahema Baquba, karibu na Baghdad. Agosti 1933 jeshi la Iraki likaua raia Waashuri wa Simele, kaskazini mwa Iraki, na vijiji vya jirani. Maelfu wakavuka kuingia Syria, wakajenga upya kando ya mto Khabur. Vijiji hivyohivyo ndivyo Daesh, wale wapiganaji wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu, walivyovamia tarehe 23 Februari 2015, wakateka watu zaidi ya 200. Leo wajukuu wako Chicago, Södertälje ya Uswidi na Sydney.

Sasa mjukuu wa Sydney ukimwuliza kwao ni wapi, aseme nini? Pasipoti ya babu inasema Syria, ya baba wa babu Iraki, na milima yenyewe iko Uturuki. Lakini kule Khabur watu walikaa kikabila: Tell Tamer, kwa mfano, ilikuwa ya Watyari wa Juu. Bibi akikuambia, “Sisi ni Watyari wa Tell Tamer,” amekuunganishia 1915 na 2015 kwa maneno machache. Asipoulizwa, hasemi, kwa sababu kwake ni jambo la wazi mno. Tunabaki na kisa cha mkimbizi ambaye angeweza kuwa mtu yeyote.

Na aseme kwa Kisurethi chake, hata kama kijana anayerekodi anakielewa nusu. Nyumba, wengine huiita betha, baadhi ya Watyari huiita besha. Ni kama sisi tunavyomtambua Mmvita kwa “nti” yake, pale wengine wanaposema “nchi”, kabla hajataja Mombasa. Ukimtaka bibi aseme Kiingereza cha kubahatisha ili kazi iishe mapema, umeifuta sauti iliyokuwa ushahidi wa njia yote aliyopita. Tafsiri inaweza kungoja. Mtoto aliyevushwa mpakani mwaka 1933 sasa amepita miaka 90.

Agosti 2014, Daesh walipoikaribia Qaraqosh, mji wa Wakristo kaskazini mwa Iraki, Padre Najeeb Michaeel alipakia hati za kale kwenye magari akazikimbiza Erbil. Namheshimu sana kwa hilo. Hati zile zilikuwa na masanduku, na nyingi zilikwishapigwa picha. Masimulizi ya akina bibi waliokimbia usiku uleule hayakuwa na sanduku. Simu zenu zina kinasa sauti, kitumieni. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine mbali na hapo. Ombeni ruhusa kabla ya kumsikilizisha mtu wa nje, maana wengine wana jamaa waliobaki, na jina likitajwa ovyo linaweza kuwaponza.

Basi mkishamimina chai, mwulizeni kijiji. Akikitaja, mwombeni alirudie jina polepole, mliandike alivyolitamka yeye, wala msilisahihishe kwa ramani. Kisha mwulizeni nani alikuwa jirani yake.