Tarehe Ibaki Tarehe: Mhadhara kwa Makarani wa Mizigo, Kigoma

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kuacha shughuli za bandarini na stesheni mkaja kunisikiliza. Nimeombwa nieleze namna ya kugeuza tarehe kuwa maandishi ndani ya kwiri, yaani ombi tunaloiandikia kanzidata itupe taarifa. Nitaeleza, lakini kuna jambo ninaloliamini kwa dhati: tarehe ikae kwenye jedwali kama tarehe, na igeuzwe maandishi mwishoni kabisa, inapokwenda kusomwa na mtu.

Tarehe ndani ya kanzidata haina mkwaju wala nukta. PostgreSQL, programu ya kanzidata, huihifadhi kama hesabu ya siku, kwa baiti 4 tu, ndiyo maana inajua kuwa Februari hutangulia Novemba. Ukishaifanya '28/02/2024' umebaki na herufi, na herufi hupangwa kuanzia kushoto. Hapo '05/11/2024' itatangulia '28/02/2024', kwa sababu 0 huja kabla ya 2.

Tazameni ubaoni. Jedwali letu linaitwa mizigo, na to_char ndiyo inayogeuza tarehe kuwa maandishi, DD ikiwa siku, MM mwezi, YYYY mwaka:

SELECT to_char(tarehe, 'DD/MM/YYYY') AS tarehe FROM mizigo ORDER BY tarehe;

Kwiri hii inakubali bila kulalamika, na hapo ndipo hatari ilipo. Majina mawili yamegongana, la safu ya jedwali na la matokeo tuliyoyapa kwa AS, na kwenye ORDER BY, sehemu inayopanga mistari, PostgreSQL huchukua jina la matokeo, yaani yale maandishi. Ripoti itaanza na tarehe mosi za miezi yote, zifuate tarehe pili za miezi yote. Bosi atadhani mizigo imepotea. Andikeni ORDER BY mizigo.tarehe, au yapeni maandishi jina lake, mathalani tarehe_ya_kusoma.

Kosa linalofanana na hilo liko kwenye WHERE, sehemu ya kwiri inayochuja mistari. Mtu anataka mizigo ya Novemba, anaandika to_char(tarehe, 'MM/YYYY') = '11/2024'. Jibu litakuwa sahihi, ila faharasa ya kawaida ya safu ile, yaani orodha inayoisaidia kanzidata kupata mistari haraka, haitatumika. Kila mstari utageuzwa maandishi kwanza ndipo ulinganishwe. Semeni tarehe >= '2024-11-01' AND tarehe < '2024-12-01'. Huo mpangilio wa mwaka, mwezi, siku ndio wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, na hauna utata wa siku na mwezi kubadilishana nafasi.

Alama zenyewe si ngumu. Kwenye programu nyingine za kanzidata, Oracle nayo hutumia to_char. MySQL ina DATE_FORMAT(tarehe, '%d/%m/%Y'), SQLite ina strftime, na SQL Server ina CONVERT yenye namba 103. Angalieni dakika tu: kwenye to_char dakika ni MI. Ukiandika 'HH24:MM', mizigo yote ya Novemba itaonekana imepokelewa saa fulani na dakika 11.

Sasa suala linalotugusa sisi wa Kigoma hasa, kazi za usiku. Mifumo mingi hutunza muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa 3 mbele yake. Mzigo uliopokelewa saa saba na nusu usiku, tarehe 6, kwa UTC bado ni 22:30 ya tarehe 5. Ukiugeuza maandishi hivyo hivyo, umeuhamishia siku ya jana, na hesabu za zamu hazitakubaliana. Kama safu ni timestamptz, yaani aina ya PostgreSQL ya tarehe na saa inayozingatia ukanda wa saa, tangulizeni AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' ndani ya to_char. Wenzetu wa Bujumbura na Kalemie wako saa moja nyuma yetu, kwa hiyo hati inayovuka ziwa iandikwe ni saa ya bandari ipi.

Kuhusu majina ya miezi: 'Month' hutoa jina la Kiingereza kwa mipangilio ya kawaida, tena hulijaza nafasi tupu hadi herufi 9, FM mbele yake huziondoa. Mimi kwa hati za Kiswahili hutengeneza jedwali dogo la mistari 12, namba ya mwezi na jina lake, nikaliunganisha kwa EXTRACT(MONTH FROM tarehe). Fungueni kompyuta sasa, tulitengeneze pamoja.