Mita Inayoishia Sakafuni: Gharama na Stoo kwa Fundi wa Tinti

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuko na mafundi wa tinti za magari. Malalamiko ni yaleyale: kazi zipo, magari yanasubiri zamu, lakini roli ya tinti ikiisha pesa ya kununua nyingine haionekani. Kaka Bakari, inakwenda wapi?

BAKARI: Sehemu kubwa iko chini ya meza ya kukatia, dada Zuhura. Fundi anajua bei ya roli kwa kichwa. Muulize gari la mwisho limekula mita ngapi, hana jibu. Na mteja hanunui roli, ananunua tinti iliyokaa kwenye kioo chake.

ZUHURA: Lakini wengi wanapiga hesabu. Roli ina futi 100, karibu mita 30, kwa hiyo wanagawa bei kwa 30.

BAKARI: Hapo ndipo wanapopunjika. Tuseme asilimia 20 inaishia kwenye pipa: vipande visivyofaa, vilivyokunjika, kazi za kurudia. Mita zilizokuingizia pesa ni 24. Gawa bei ileile kwa 24, utaona kila mita imepanda kwa asilimia 25, si 20. Fundi anaongeza 20 kwenye bei yake akidhani amejifidia, kumbe bado anadaiwa.

ZUHURA: Na deni hilo linalipwa na faida yake.

BAKARI: Linalipwa na faida, kila gari, kimyakimya. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Gari likitoka, andika: aina ya tinti, mita zilizovutwa kwenye roli, vipande vilivyoharibika na sababu yake. Mistari miwili inatosha. Baada ya roli moja kuisha unaijua hasara yako halisi, huikisii tena.

ZUHURA: Mimi nataka tukae kwenye ukataji, kwa sababu naamini pesa nyingi iko pale. Fundi tinti ni kama fundi cherehani: kitambaa kilekile, mmoja anatoa nguo tatu, mwingine mbili. Chukua roli pana, ile ya inchi 60, sentimita 152. Tuseme kila kioo cha mlango, pamoja na ukingo wa kupunguza, kinataka sentimita 95 kwa 55. Unakataje?

BAKARI: Wengi wanasimamisha vipande viwili sambamba. Upana unatumika sentimita 110, unabaki ukanda wa 42. Unavuta 95 kwa milango miwili, kwa hiyo milango minne inakula sentimita 190.

ZUHURA: Sasa laza vitatu, kimoja chini ya kingine, kila kimoja 95 kwa upana wa roli. Cha nne kisimamishe pembeni. 95 na 55 ni 150, umebakiwa na sentimita 2 tu za upana. Kwa urefu, vile vitatu vinakula 165. Milango yote minne imepatikana kwenye 165, na chini ya kile kilichosimama kuna kipande cha 55 kwa 70, kinachotosha vioo vidogo vya pembeni.

BAKARI: Ngoja niipige hiyo. Mita 30 kwa 1.90 ni magari 15. Kwa 1.65 ni magari 18. Milango ya magari matatu zaidi, roli ileile!

ZUHURA: Na hujamwambia mteja aongeze hata senti. Hiyo ndiyo kazi ya programu za kupanga vipande kwenye plota, ile mashine ya kukatia tinti, lakini asiye na plota anaweza kuichora kwenye karatasi kwa magari anayoyapata sana, akaibandika ukutani juu ya meza.

BAKARI: Niongeze tahadhari. Kugeuza huku na huku kunafaa kwenye vioo vya milango kwa kuwa havina mbinuko mkubwa. Kioo cha nyuma usikigeuze ovyo. Tinti inasinyaa kwa joto kufuata urefu wa roli, na mikunjo ya kioo cha nyuma unaisinyaza kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo urefu wa roli usimame wima kwenye kioo. Ukilaza ili kubana matumizi, mikunjo inakataa, unatupa kipande chote.

ZUHURA: Ndiyo maana roli nyembamba peke yake haitoshi, hata kama bei yake inavutia: upana wake haufiki kutoka upande hadi upande wa kioo cha nyuma. Tuje kwenye kazi za kurudia.

BAKARI: Hizo zinauma mara mbili: tinti mpya, na saa za kubandua ya zamani na kusugua gundi. Nyingi zinatokana na vumbi. Unakuta fundi anabania maji ya kuosha kioo na wembe mpya, halafu anapoteza tinti ya kioo kizima. Wembe butu unachana ukingo. Vitu hivi ni vya bei rahisi sana ukilinganisha na tinti ya kauri, ile ya bei ghali.

ZUHURA: Mabaki je? Kuna stoo zimejaa vipande hadi hakuna pa kupita.

BAKARI: Mabaki yasiyo na lebo ni takataka. Tinti inayopitisha asilimia 20 ya mwanga na inayopitisha asilimia 35, ukizitazama zikiwa zimekunjwa, utabahatisha. Bandika: aina, asilimia, vipimo, namba ya roli. Namba ya roli ina maana, maana rangi inaweza kutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo. Gari moja likatwe kwenye roli moja. Tena ndiyo utakayoulizwa ukidai waranti.

ZUHURA: Na kipande kidogo kuliko kioo kidogo unachofanyia kazi, kitupe. Kukitafutia kazi kunakula muda.

BAKARI: Roli zenyewe zikae kwenye boksi lake, mbali na jua na vumbi, bila kurundikiwa mizigo. Roli iliyobonyea inaacha alama, na mteja ataiona.

ZUHURA: Oda sasa. Lini?

BAKARI: Usingoje iishe. Ukitumia mita 4 kwa siku, na mzigo unachukua siku 10 kufika, hizo ni mita 40. Ongeza za siku 5 za dharura, mita 20. Zikibaki 60, yaani roli mbili, agiza. Na fanya hivyo kwa kila aina peke yake.

ZUHURA: Hapo kwenye kila aina ndipo mtaji unapofungwa. Fundi ananunua asilimia zote, 5 mpaka 70, za rangi, za kaboni, za kauri, ili rafu ionekane imejaa. Miezi inapita, mbili tu ndizo zinatembea.

BAKARI: Daftari litakuonyesha ni zipi. Hizo mbili zisikose hata siku moja.

ZUHURA: Zile zinazoulizwa mara chache, weka sampuli tu. Mteja akichagua, chukua malipo ya awali, nunua kwa mita kama muuzaji wako anakata, kisha umpangie siku ya kuleta gari.