Ukumbi una giza, ninunue nini? Mhadhara kwa wapiga picha wa sherehe

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Mada niliyopewa ni vifaa vya kupigia picha ndani kwenye mwanga hafifu, na najua wengi wenu hapa Dar mnapiga sendofu, kicheni pati, harusi, mikesha kanisani, kwa hiyo nitaongelea ukumbi, sio studio, maana studio taa unawasha mwenyewe. Ukumbi wa Sinza au Mbezi saa tatu usiku ni habari nyingine kabisa, taa kawasha mtu wa mapambo na yule hakuwaza kamera yako hata kidogo, aliwaza meza kuu ipendeze machoni kwa wageni basi.

Swali ninaloulizwa sana kuhusu bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni "kaka ninunue bodi gani?" Na mimi namuuliza, una lenzi gani? Kimya. Halafu anajibu kiunyonge, ile iliyokuja na kamera. Hapo hapo ndio penye tatizo na ndio maana leo nitakaa hapo muda mrefu.

Ile lenzi ya 18-55 imeandikwa mbele 3.5-5.6, si ndio? Maana yake ukivuta mpaka 55 tundu lake la kupitisha mwanga kubwa kabisa ni f/5.6, na namba ikiwa ndogo tundu ndio kubwa zaidi. Sasa chukua lenzi ya 50mm f/1.8, zile za plastiki, Canon wanayo, Nikon wanayo, Sony wanayo, ndio lenzi za bei ya chini kuliko karibu zote kwenye kabati la duka. Tofauti ya mwanga kati ya 5.6 na 1.8 ni karibu mara kumi. Mara kumi! Watu wanasikia namba wanaona kama utani, ngoja niwapigie hesabu ya ukumbini. Tuseme kwa f/2.8 na shata 1/100, yaani kamera inafunguka kwa moja ya mia ya sekunde, ukumbi wako unataka ISO 3200, hiyo ISO ni kipimo cha kamera kuhisi mwanga. Ukiwa na lenzi ya 5.6 pale pale unaingia ISO 12800, picha inajaa punje. Ukiwa na 1.8 unashuka mpaka kama 1250. Bodi ni ile ile, ukumbi ule ule, bibi harusi yule yule. Hakuna bodi mpya utakayonunua kwa bei ya lenzi ile ikakupa faida ya namna hiyo, nani atabisha?

Halafu kuna jambo watu wanalisahau, fokasi nayo inakula mwanga. Kamera zenye kioo ndani, zile DSLR, zinatafuta fokasi tundu likiwa wazi lote, kwa hiyo lenzi ya 1.8 inaipa kamera kitu cha kuona, ile ya 5.6 gizani inabaki inaenda mbele inarudi nyuma, zii, zii, huku keki imeshalishwa. Na kama bodi yako ni ya zamani tumia nukta ya fokasi ya katikati, zile za pembeni usiku ni mapambo tu. Canon 6D ya mwaka 2012 nukta yake ya katikati inaona mpaka EV -3, yaani karibu giza tupu, ndio maana hadi leo kuna watu hawataki kuiuza.

Ila 1.8 ina masharti yake. Kwenye bodi ya sensa ndogo (sensa ndiyo inayopokea mwanga ndani ya kamera), ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita sita tu. Sita. Bibi harusi akiinama kidogo kumlisha mzee keki, jicho lake kali, mzee ukungu, na mzee ndiye aliyelipa ukumbi. Kwa hiyo watu wawili wakiwa hawako mstari mmoja panda f/2.8 au f/4 halafu ongeza ISO, usiogope. Na jingine, hiyo 50 kwenye sensa ndogo inageuka kama 75 au 80, picha inabana, ukumbi mdogo utajikuta unarudi nyuma mpaka unakalia meza ya wakwe. Kama ndio unaanza na bodi ndogo mimi ningesema tafuta 35mm f/1.8 kwanza, 50 ifuate. Ukipata hela zaidi zipo zuum za f/2.8 kama 17-50 za Sigma na Tamron, hizo kwa kazi ya harusi zinabeba usiku mzima.

Sasa ISO, maana nimesema usiogope na naona dada hapa mbele amekunja uso. Sikiliza dada yangu, punje zinazochukiza mara nyingi hazitoki kwenye ISO kubwa, zinatoka kwenye picha uliyopiga giza halafu ukaipandisha kwenye kompyuta. Na sisi ngozi zetu ndio zinaumia. Shela nyeupe imejaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, uso wa bibi harusi unazama, ukiuvuta baadaye unatoka wa kijivu kijivu, una madoadoa ya zambarau kwenye mashavu. Bora ISO 3200 uso ukiwa na mwanga wake kuliko ISO 800 uliyoipandisha. Pima uso, sio shela. Piga RAW, lile faili ghafi la kamera.

Tuje kwenye flashi. Flashi ya pili kwa umuhimu baada ya lenzi, bodi bado inasubiri. Godox TT600 inatosha kuanzia, ni ya manyuo tu, nguvu unaipanga mwenyewe, lakini redio iko ndani yake, ukija kununua triga, kile kifaa cha kuiwasha kwa mbali, unaiweka kwenye stendi kona ya ukumbi. Wengi mmefundishwa gonga dari, mwanga urudi laini. Sawa, dari nyeupe ya chini. Lakini kumbi zetu tunazijua, juu wametandaza vitambaa kuanzia nguzo mpaka nguzo, zambarau, dhahabu, bluu ya kifalme, ukigonga pale mwanga unarudi na rangi ya kitambaa, familia nzima inatoka kama imepakwa wino. Fika mapema tazama juu. Kama kuna rangi, geuza flashi kwenye ukuta mweupe wa pembeni, ukikosa weka stendi na mwamvuli. Na zungumza na mtu wa video kabla shughuli haijaanza, ile taa yake ni mwanga wa bure, ukijua atasimama wapi unajipanga.

Kuhusu mistari kwenye picha, nimeona mikono mingi. Umeme wetu ni 50Hz, taa nyingi za bei rahisi zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Shata ya 1/100 inakamata mzunguko mmoja mzima, 1/50 mizunguko miwili, picha zinafanana. Ukienda 1/500 unakata kipande cha mzunguko, picha hii ya njano inayofuata ina giza. Na nyie wa miralesi, kamera zisizo na kioo, ile shata ya kimya kimya izimeni chini ya taa za LED, ndio inayochora mistari zaidi. Skrini kubwa za jukwaani zina tabia yake, pale unajaribu shata mpaka mistari ipungue.

Bodi sasa, kwa kifupi. Fuli fremu sensa yake ni 36 kwa 24 milimita, eneo lake zaidi ya mara mbili ya zile ndogo, kwa hiyo faida ipo, kubwa tu, lakini ni kidogo kuliko mara kumi ya lenzi. Ukiwa tayari, Nikon D750 ya 2014 au Sony A7 III ya 2018 yusdi bado zinafanya kazi, angalia shata imepiga ngapi, piga picha ya ukuta mweupe uone uchafu wa sensa, jaribu na lenzi yako mwenyewe sio ya muuzaji. Megapikseli msiniulize, Sony A7S ina 12 tu na usiku inawashinda wengi.

Swali? Ndiyo kaka. Anauliza picha ya ukoo, watu ishirini jukwaani, hiyo 1.8 inafaaje. Haifai kaka. Hapo f/5.6, flashi mbili kwenye stendi zimeinuliwa juu ya vichwa, moja kila upande, ISO 1600, warefu nyuma. Na umwambie MC akupe hao watu kabla hajatangaza chakula, akishatangaza huwapati tena.